Kumbukumbu za Kikao cha Kumi na Saba

Mimi ndiye ninayeandika. Sina kura.
Nina meza ndogo chini ya bendera mbili,
ya mji na ya kaunti, zilizopimwa kwa rula
asije mmoja akasema ya mwenzake imemzidi kimo.

Nje ni Februari. Ziwa limeganda,
malori yanapita juu yake kama barabarani.

Ajenda ya kwanza: Mfuko wa Nyumba Nafuu.
Dola milioni nne na laki sita,
makato ya kila nyumba iliyouzwa hapa Perrow,
zimelala benki kama mtoto wa waliotalikiana:
kila mzazi ana hati ya kumlea,
hakuna aliyemnunulia viatu.

Meya Tollefsen: ardhi ni yetu, mabomba ni yetu,
na takataka za wapangaji tutazoa sisi.
Mwenyekiti Haugland wa kaunti: kodi tulitoza sisi,
risiti zina muhuri wetu, someni.
Naandika "someni". Nafuta. Naandika "alisisitiza".

Kasha ni moja, makufuli mawili,
na kila bwana amemeza ufunguo wake.

Mawakili wapo, wawili kila upande,
dola mia nne kwa saa.
Nani analipa? Nikafunua Kiambatisho C.
Mfuko wenyewe.
Nikapiga hesabu pembezoni, kwa penseli:
hoja ya utaratibu, mlango mmoja.
Pingamizi, sinki na bomba lake.
Kufikia saa tatu usiku walikuwa wamekwisha kula jiko
na mmoja akaomba glasi ya maji.

Wananchi, dakika tatu tatu.
Akasimama Delphine Okerlund, dereva wa basi la shule,
koti limefungwa kifungo kimoja,
anaishi motelini na wavulana wawili,
mkubwa hufanyia hesabu juu ya ubao wa kupigia pasi.

Akasema: Mpaka wenu unapita motelini kwangu.
Sikuujua mpaka theluji ilipoanguka.
Greda la mji hugeuzia mlango wa kumi na tatu.
La kaunti huanzia wa kumi na tano.
Mimi nakaa kumi na nne.

Mtu mmoja alicheka nyuma, halafu akajikohoza.

Saa kumi alfajiri nashika koleo, akasema,
nachimba njia yangu hadi kwenye lami,
nikafike kwenye basi, nikawabebe watoto wenu,
wa mji na wa kaunti, viti havijaandikwa.
Sasa niambieni, mkishagawana,
koleo nimrudishie nani?

Akanyamaza. Saa ya ukutani ilisema zimebaki sekunde arobaini
naye hakuketi. Alizitumia zote amesimama.
Kengele ikalia. Mwenyekiti akamshukuru.

Ikaamuliwa: iundwe kamati ndogo
kutafuta maana ya neno "kusimamia".
Ikaahirishwa hadi mwezi wa tatu.

Sheria ya kazi yangu ni nyepesi:
andika yaliyotendwa, usiandike yaliyouma.
Miaka kumi na tisa nimeitii.
Usiku ule, jikoni kwangu, kwenye nyumba niliyoinunua zamani
kwa bei ambayo leo haitoshi gereji,
niliongeza mstari mmoja, wa mia mbili na kumi na mbili:
*Mlango wa kumi na nne haujaondolewa theluji.*

Machi wakarudi. Kumbukumbu za kikao kilichopita,
kuna masahihisho? Hakuna.
Zikapita kwa sauti moja, mji na kaunti,
kitu cha kwanza walichokubaliana tangu kiangazi,
na hakuna aliyekuwa amezisoma.
Mihuri miwili ikagongwa, tako kwa tako.

Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka yenyewe,
bila hoja, bila mwenye kuiunga mkono.
Basi la manjano likapita chini ya dirisha.
Niliinuka kidogo kitini,
sikuwahi kuona nani anaendesha.